Aliyefungiwa Ana Haki Yake



Ndugu zangu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, wiki hii naomba mnivumilie, kwani nataka kuwasimulia habari ya nyoka. Najua wako watakaolikunja jarida wakaulizana, "Sheikh naye kafikwa na nini?" Mimi mwenyewe, lau ningeambiwa kwamba iko siku nitakaa sakafuni na msumeno mkononi nikimtengenezea nyoka nyumba, ningemwomba Mwenyezi Mungu aniepushie. Lakini mambo humfika mtu asipoyatafuta, na katika jambo hili nimesomeshwa, kwa umri huu wangu uliopindukia miaka 50, somo nililolikimbia tangu udogoni.

Mwezi wa Januari nilikwenda Uingereza, katika mji wa Leicester, kumuozesha binti wa dada yangu. Dada amekaa huko zaidi ya miaka 20. Ni mji wenye Waislamu wengi, na tangu Waasia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972 umekuwa na watu wengi wenye asili ya kwetu Afrika Mashariki. Sokoni unaweza kumsalimia mzee kwa Kiswahili naye akakuitikia kama kwamba mko Marikiti.

Harusi ilipita salama, alhamdulillahi. Asubuhi ya pili yake dada alinitilia chai ya tangawizi, akaufunga mlango wa jiko, akaketi mbele yangu asiseme neno kwa muda. Kisha akasema:

"Kaka, ningojee mpaka wageni wote waondoke, au niseme sasa? Mwanangu ameniletea nyoka ndani ya nyumba. Nyoka, kaka! Siku ya kumi leo sijatia mguu chumbani kwake, wala yeye haketi nasi mezani. Chakula chake namwekea ngazini, kama mtu wa kifungoni. Wewe ndiye mjomba wake. Mwambie ni haramu, kitoke, yaishe."

Mtoto mwenyewe ni kitinda mimba, ana miaka 15. Sikushangaa dada kuogopa. Tulipokuwa wadogo, shambani kwa bibi, nyoka alianguka kutoka kwenye makuti ya paa akatua juu ya mkeka aliokuwa amelalia. Hakumuuma, lakini tangu siku ile dada hakulala tena chini ya makuti. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa maneno, na si haki kumcheka mwenye nayo. Nikamwambia, "Nimekusikia, dada yangu. Nitasema naye leo hii."

Nikapanda ngazi nikiwa na hukumu yangu tayari mkononi. Niligonga mlango, kijana akafungua, akanipa shikamoo na kunibusu mkono kama alivyofunzwa. Nikamuuliza, "Yuko wapi?" Akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku la plastiki, la aina ile ambayo mama zetu huwekea nguo za msimu. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa matundu kwa msumari wa moto. Chini yake kulikuwa na mpira wa maji ya moto, ule wa kujikandia, umevishwa soksi.

Akanisimulia mambo yalivyokuwa. Nyoka alikuwa wa kaka wa rafiki yake wa skuli. Jamaa wale walihamia mji mwingine, na huko walikohamia mwenye nyumba hataki wanyama. Kaka mtu akasema atamtupa. "Nilimuonea huruma, mjomba," akasema kijana. Alimficha wiki saba, mpaka mamake alipoingia kutafuta nguo za kufua.

Nikainama nikatazama. Ni nyoka ambaye Waingereza humwita nyoka wa mahindi. Asili yake ni Marekani, majimbo ya kusini mashariki, na sumu hana kabisa. Akiwinda humbana panya kwa mwili wake. Rangi yake ni ya chungwa iliyokoza, ana mabaka mekundu mgongoni, na tumboni ana miraba myeusi na myeupe mithili ya ubao wa dama. Nilikuja kujua baadaye kwamba mnyama huyu anaweza kuishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa vyema.

Lakini huyu hakuwa ametunzwa vyema. Sanduku lilikuwa na urefu wa shubiri mbili tu, na nyoka alikuwa shubiri tano. Alijikunja kama kamba ya jahazi, hana pa kujinyoosha. Vipande vya gamba kuukuu vilimganda mkiani na juu ya jicho moja. Pua yake ilikuwa imechubuka kwa kusukuma kifuniko usiku kucha. Na pale mpira wa maji ya moto ulipogusana na plastiki, tumbo lake lilikuwa na alama ya kuungua.

Kijana akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, ni haramu?"

Sikumjibu papo hapo. Nilikuwa nimelitazama lile sanduku, na mbele ya macho yangu kikaja kitu kingine, ambacho nitakisema mahali pake.

*

Kwanza niseme yaliyo wajibu wangu kuyasema, ili pasiwe na msomaji wa kunielewa vibaya. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi hawaruhusu kuwafuga wanyama ambao sharia imewahesabu kuwa ni wenye madhara, na nyoka ametajwa miongoni mwao. Kumnunua kwa ajili ya kujipumbaza nako hakufai. Hayo nilimweleza kijana bila ya kupunguza herufi. Nikamwambia pia kwamba imepokewa amri ya kuua nyoka, na kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) aliwatenga nyoka wa majumbani katika mji wa Madina, akataka waonywe siku tatu kwanza, baada ya kisa cha yule kijana aliyekuwa bwana harusi aliyemchoma nyoka kwa mkuki nyumbani kwake, wakafa wote wawili. Basi kumuua lilikuwa jambo lenye nafasi katika sharia, nami silikatai.

Lakini huyu hakuwa nyoka aliyemvamia mtu. Ni mtu aliyemtia nyoka sandukuni. Na vitabu vile vile vya fiqhi tulivyovisoma madrasa, katika mlango wa nafaqa, baada ya kutaja haki za mke na watoto na wazazi, hutaja haki za mnyama. Mwenye mnyama ni wajibu kwake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa afanye hivyo, au amuuze, au amchinje akiwa ni wa kuliwa. Sikupata kuona mahali palipoandikwa kwamba mnyama ambaye hukupaswa kuwa naye huruhusiwi kumuonea huruma. Kosa la kumleta ni kosa moja, na kumtesa baada ya kumleta ni kosa la pili. La pili halilifuti la kwanza.

Ndipo dada, aliyekuwa akisikiliza chini ya ngazi, akasema kwa nguvu, "Basi amtoe nje!"

Nje kulikuwa na barafu juu ya magari. Nyoka hana joto lake mwenyewe, huliazima kwa jua na kwa mawe. Kumtoa nje usiku ule ilikuwa ni kumuua taratibu. Tena sheria ya nchi ile inakataza kumwachilia porini mnyama wa kigeni, tangu mwaka 1981. Na iko sheria nyingine ya mwaka 2006 juu ya ustawi wa wanyama, inayomtaka kila mwenye mnyama ampe mahali panapomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, kuwa pamoja na wenziwe au mbali nao kulingana na jinsi alivyo, na kumkinga na maumivu na maradhi. Na sheria hiyo inasema kuwa mtoto asiyefikia miaka 16 akiwa na mnyama, mzazi wake naye huhesabiwa kuwa mwenye dhamana.

Shemeji yangu, ambaye hufanya kazi ya zamu ya usiku na alikuwa amejitenga na ugomvi huu, ndiye aliyetusomea hayo. Dada aliposikia akakaa kwenye ngazi. "Yaani nyoka huyu ni wangu mimi?" Hakuna aliyecheka.

Tulipiga simu kwenye vituo vinavyopokea wanyama walioachwa. Kituo kimoja kilikuwa kimejaa. Kingine kikatuandika kwenye orodha, kikasema tungoje, huenda ikawa wiki kadhaa. Siku ya pili nikaenda na kijana kwa daktari wa wanyama. Akampaka nyoka dawa mahali alipoungua, akamlowesha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka lile gamba kuukuu likalainika likatoka, akatuambia, "Dawa haitafaa kitu akirudi kwenye sanduku lile."

Basi swali halikuwa tena halali au haramu. Hilo lilikuwa limekwisha jibiwa: hatabaki. Swali lilikuwa, wiki hizi zote za kungoja, atakaa wapi?

*

Shemeji alitoa kabati kuukuu la vitabu, tukalilaza. Lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Daktari alitupa kanuni nyepesi: nyoka aweze kujinyoosha wima asiguse ukuta kwa pua na ukuta kwa mkia. Wetu alikuwa na sentimita 115. Tulitoa rafu za ndani, tukaziba maungio yote kwa gundi ya silikoni isiyopenya maji, tukaiacha ikauke mpaka harufu ikaisha. Tulitoboa safu ya matundu chini upande mmoja na juu upande wa pili, hewa ipate kuingia na kutoka, tukayafunika kwa wavu wa chuma. Mbele tuliweka vioo viwili vya kusukuma, na kufuli ndogo kati yake. Kufuli hiyo dada ndiye aliyeidai, na daktari alikuwa ameisisitiza pia, kwani nyoka wa aina hii ni hodari wa kutoroka. Akipata upenyo wa kupitisha kichwa, mwili utafuata.

Jambo la joto ndilo lililonifunza zaidi. Nilidhani kazi ni kulipasha kabati lote moto, kama unavyopasha chumba. Sivyo. Nyoka anahitaji upande mmoja wenye joto la nyuzi 30 hivi, na upande wa pili wenye ubaridi wa nyuzi 23 au 24, kisha aachiwe yeye achague. Akishiba huenda penye joto ili chakula kisagike tumboni. Akizidiwa na joto hurudi penye ubaridi. Ukimpa joto tupu atadhoofu, na ukimpa baridi tupu atadhoofu. Kwa hiyo tuliweka kipashio cha kauri, kile kinachotoa joto pasi na mwanga, kwenye dari ya upande wa kulia tu. Tukakizungushia tundu la waya ili asijizongoe juu yake akaungua tena. Tukakiunga na themostati, kidude kinachozima umeme joto likizidi na kuuwasha likipungua. Vipimajoto vilikuwa viwili, kimoja kila upande.

Tukaweka mahali pa kujificha pawili. Upande wa joto ni nusu ya chungu cha maua kilichovunjika, tuliyoisugua kingo. Upande wa ubaridi ni kisanduku cha mbao kilichotobolewa mlango. Nilimuuliza kijana kwa nini pawili, pamoja hapatoshi? Akanijibu jawabu ambalo bado nalifikiri: "Pakiwa pamoja, mjomba, atalazimika kuchagua baina ya joto analolihitaji na mahali anapojiona yuko salama. Daktari anasema wengi huchagua salama, na joto wakalikosa."

Chini tulitandika maranda ya mti uitwao aspeni. Ya mwerezi hayafai, kwani harufu yake huwadhuru. Tukaweka bakuli zito la maji, pana kiasi cha yeye kuingia na kujilowesha, na tawi la mti tulilolikwangua na kulikausha, apate kupanda.

Kijana alitaka kumwingiza usiku ule ule. Nikamzuia, kwa sababu daktari alituambia kabati liwashwe siku mbili bila ya mwenyewe kwanza. Na alhamdulillahi kwa subira hiyo. Alfajiri ya siku ya pili, nilipoamka kwa ajili ya swala, nilipita kutazama nikakuta upande wa joto umefika nyuzi 41. Waya mwembamba wa themostati, ule unaopima, ulikuwa umechomoka ukaangukia upande wa ubaridi. Kidude kikadhani kabati lote ni baridi, kikaendelea kuwasha moto. Lau nyoka angekuwamo, tungemkuta ameiva. Tukaufunga ule waya kwa vishikizo vya chuma, tukaanza kuhesabu siku mbili upya.

Likabaki suala la chakula, nalo lilitaka kurudisha vita nyumbani. Nyoka yule hula panya waliokufa, wanaouzwa wakiwa wamegandishwa, mmoja kila siku kumi hivi. Huyeyushwa, hupashwa joto kidogo, akapewa kwa koleo. Hapewi panya hai, kwani panya naye huweza kumuuma nyoka, na kumtia kiumbe hai ndani ya kisanduku cha adui yake ni mateso yasiyo na haja. Kumlisha mnyama mzoga hakuna ubaya kisharia. Lakini panya hao wangewekwa wapi? Kumbe siku za nyuma walikuwa wakiwekwa kwenye friji ya dada, ndani ya pakti ya njegere! Siyaandiki hapa maneno aliyoyasema alipogundua. Nilimuunga mkono moja kwa moja. Maiti ni najisi, na jiko ni la mama. Shemeji akanunua kifriji kidogo cha mtumba, kikakaa banda la nje. Tukaweka sharti la kunawa mikono kwa sabuni kila anapoguswa nyoka au kabati lake, kwani wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela vinavyoumiza matumbo, hasa ya watoto na wazee. Koleo, bakuli na kitambaa chake visionekane jikoni kamwe.

*

Usiku tulipomwingiza, tulizima taa tukakaa kimya. Alitambaa ukutani pande zote nne, ulimi ukitoka na kuingia, kisha akajinyoosha chini ya kioo, wote, kutoka kichwa hadi mkia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili. Kijana akaufunika uso wake kwa mikono.

"Mjomba," akasema, "yule mwanamke na paka. Mimi ni kama yeye?"

Hadithi hiyo kila mtoto wa madrasa anaijua. Ni ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula wala hakumwachia ajitafutie. Mtoto alikuwa ameibeba peke yake kifuani, chumbani, na sisi chini tunabishana.

Ndipo nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mamake. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa na tetere. Nilimtega mwenyewe, nikamtengenezea tundu la vijiti vya makuti, nikalitundika nyuma ya nyumba. Nilimpenda, nilikuwa nikimsomea sura nilizohifadhi. Mwaka ule madrasa yetu ikapelekwa Lamu kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Kwa furaha ya kupanda chombo na kanzu mpya, nilimtilia tetere maji ndani ya kifuu na konzi ya mtama, nikaondoka. Sikumuusia mtu. Tulikaa siku tano. Nakumbuka matwari, nakumbuka halua, nakumbuka kwamba sikumkumbuka hata mara moja. Niliporudi nilimkuta chini ya tundu, mwepesi kama karatasi. Jua la saa nane lilikuwa likipiga pale pale nilipolitundika, na kifuu kilikuwa kikavu.

Nilimzika kabla mtu hajaona. Wiki ileile mwalimu alitusomesha hadithi ya paka na yule mwanamke, nami nikatazama chini mpaka darasa likaisha. Tangu siku ile nimeisomesha hadithi hiyo mara nyingi, misikitini na madrasa, kwa sauti nzuri na kwa kuwakemea watu, na kila mara nimeipita haraka.

"Ulitubu?" kijana akaniuliza.

"Nilisikitika. Kusikitika ni sehemu ya toba, lakini tetere hakupata chochote katika masikitiko yangu. Wewe umefanya kosa, na kiumbe bado yuko hai mbele yako. Mimi sikupata bahati hiyo. Muombe Mwenyezi Mungu msamaha, na umpe huyu haki yake kila siku aliyobaki kwako. Wala usikate tamaa. Yule aliyemnywesha mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa."

Wiki ya kwanza nyoka hakula. Ni kawaida yao wakihamishwa. Wiki ya pili akala, tukamwacha siku mbili bila ya kumgusa, kwani akisumbuliwa na chakula tumboni hukitapika. Siku chache kabla ya safari yangu macho yake yaligeuka rangi ya maziwa, akajificha ndani ya chungu. Asubuhi moja kijana alishuka ngazi mbio, ameshika gamba refu mikononi, jepesi kama shashi. Lilikuwa zima, halikukatika hata mahali pamoja, kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Hiyo ndiyo dalili kwamba nyoka ana afya, na kwamba nyumba yake inamfaa.

Dada alikuwa akikaanga mahamri. Alirudi nyuma hatua moja, kisha akasimama. "Liweke pale," akasema, akionyesha kiti karibu na mlango. Akafuta mikono, akalitazama kwa mbali, kisha kwa karibu. "Mpaka macho?" akauliza. "Mpaka macho, mama. Ana vifuniko vya macho, navyo huvivua." Akatikisa kichwa. "Subhanallah." Kisha akasema, "Haya, liondoe, unawe, uje ule mahamri yangali moto."

Kijana akaketi mezani. Dada hakuingia chumbani mle mpaka nilipoondoka, wala sikumlazimisha. Lakini sahani haikuwekwa tena ngazini.

Mwezi wa Aprili nililetewa habari kwamba zamu ya orodha ilifika. Alichukuliwa na mtu mzima mwenye ujuzi wa wanyama hao, na kijana alimpa na kabati, kipashio, na daftari alimoandika kila siku ya kula na ya kujivua gamba. Hakuomba senti. Akaniandikia: "Mjomba, nimemtoa. Chumba kimekuwa kikubwa."

*

Sasa, wasomaji wangu, nisije nikamfungulia mtu mlango. Hapa Kenya mambo ni mengine. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, haifai kumweka nyumbani mnyama wa porini, awe nyoka au kobe, bila ya kibali cha serikali kinachotolewa na KWS. Na nyoka wetu wengi si kama yule. Tuna fira, tuna moma, tuna hongo, na kuwagusa ni kujitia katika maangamizi. Akiingia nyumbani, watoto watolewe, mlango ufungwe, aitwe mjuzi. Walioko pande za Watamu wana kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambacho watu wake hufika kuwaondoa nyoka majumbani.

Lakini ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zilizo na tundu? Kuna njiwa juu ya paa, sungura chini ya ngazi, kuku aliyefungwa kamba mguuni akingoja Ijumaa, punda aliyepigwa pingu juani. Kufuga ndege si vibaya. Bwana Mtume (S.A.W.) alimkuta mtoto mdogo, ndugu yake Anas, ana ndege wake, naye hakumkataza. Ndege alipokufa alimfariji mtoto kwa maneno ya upole. Lakini ruhusa ina sharti lake. Kwa hiyo, mama uliyeko nyumbani, leo jioni chukua watoto mwende kwenye tundu mlilo nalo, mjiulize: Je, anaweza kujinyoosha na kukunjua mabawa yake? Ana kivuli saa nane mchana, na pa kukimbilia jua likimfikia? Maji yake yataisha lini, na nani ameusiwa tukisafiri? Ana mahali pa kujificha asionekane? Jawabu likiwa la, basi tundu litengenezwe, au mwenyewe apewe atakayemweza.

Mimi nimefika nyumbani, na mahali palipokuwa na tundu la tetere wangu siku hizo, pana mwarubaini. Nimeweka hapo bakuli la udongo, nalitilia maji kila baada ya alfajiri. Matetere huja wakanywa, wakaruka zao.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafungia tukayasahau, na utujaalie tuwe wapole kwa kila ulichokiweka chini ya mikono yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.